Mashtaka Dhidi ya Jicho, Mbonyezaji Asiye na Kidole

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi, ambaye Jumapili nikiwa sebuleni kwako naruhusiwa kukuita Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Unanijua, au zamani ulikuwa unanijua: nikisimamishwa mbele ya watu watatu ulimi unakauka, na wa nne akiingia nasahau hata jina langu. Kwenye kikao cha wiki jana ulipouliza kama kuna mtu ana neno, mimi nilikuwa nalo, tena refu. Nilipofungua mdomo kikatoka kikohozi, na katibu akaandika kwamba hakukuwa na neno. Basi lile neno ndilo hili. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta nimekosea herufi, samehe herufi, usisamehe jambo.

Jambo lenyewe ni kiti. Kile cha plastiki kando ya kabati la mafaili, ambacho nimekikalia miaka miwili. Nimesikia, sikuambiwa, nimesikia tu, kwamba kikao cha kesho Ijumaa kitaamua kama ofisi bado inahitaji mtu wa kukikalia, au kazi yote apewe Jicho na mimi nirudi nyumbani nikamsaidie kaka yako kukaa.

Barua za ofisi husomwa na wengi, kwa hiyo nieleze kazi yangu. Ofisi yetu inatengeneza programu ya simu ya kuweka miadi ya daktari. Mafundi wanaitengeneza, mimi naibonyeza. Nabonyeza kama mgonjwa mwenye haraka. Nabonyeza kama mzee mwenye kidole gumba mfano wa kifuniko cha birika. Nabonyeza kwa mkono uliolowa, nabonyeza huku nimempakata mtoto wa dada wa mapokezi siku anapomleta kazini. Kisha naandika kwenye daftari: imekubali, imekataa. Ndiyo maana wananiita Kidole. Sikulichagua jina lenyewe, lakini sikulikataa, maana ni la kazi.

Kisha akaja Jicho. Jicho si mtu, ingawa hapa ofisini anasalimiwa. Ni programu nyingine, inakaa kwenye kompyuta ya fundi mkuu, yule tunayemwita Bwana Tayari kwa sababu ukimuuliza kitu chochote, hata ambacho hajakianza, anakujibu "tayari". Jicho akiwashwa, vitufe vinaanza kujibonyeza vyenyewe kwenye kioo kama nyumba yenye majini. Kazi yangu ya siku nzima yeye anaimaliza kwa dakika nne. Akimaliza anatoa taa ya kijani au nyekundu. Ikiwa kijani, watu wanapiga makofi na kwenda kunywa chai. Mimi nimebonyeza miaka miwili sijapigiwa kofi hata moja, labda la kisogoni.

Sina wivu. Nalisema mapema kwa sababu dada wa mapokezi keshaanza. Juzi kanipita akaniambia, "Kidole, angalia sana, kidole na jicho hawajawahi kupatana." Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, ili wasijue.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Jicho haoni. Nilimuuliza Bwana Tayari, siku aliyokuwa na furaha, huyu anakitambuaje kitufe. Akacheka mpaka akavua miwani. "Ndugu yangu Kidole, nani kakwambia anaona? Anaita jina tu." Kumbe kila kitufe kimepewa jina la siri upande wa nyuma, kwenye maandishi ya mafundi, jina ambalo mgonjwa halijui wala hatalijua mpaka anazikwa. Jicho anapita mlango wa nyuma, anauliza: Thibitisha yupo? Anajibiwa: yupo. Basi, kijani. Huo si ukaguzi, hiyo ni hodi. Ni kama mtu aliyetumwa kumjulia hali mgonjwa, akasimama nje ya geti, akauliza kama fulani yumo ndani, akaambiwa yumo, akarudi kwa waliomtuma akasema hajambo kabisa.

Jumanne ya wiki iliyopita waliweka picha ya daktari anayetabasamu. Picha kubwa. Ikakaa juu ya kitufe cha Thibitisha ikakifunika chote. Mgonjwa akibonyeza, anambonyeza daktari shavuni, na daktari anaendelea kutabasamu. Jicho akaleta kijani. Nikaenda kwa Bwana Tayari, hata hakugeuka. "Hiyo tayari. Jicho amekipata." Nikamwambia, kwa sauti yangu hii ya chini, kwamba Jicho amekipata ndiyo, lakini mgonjwa hatakipata. Akasema, "Wewe kidole chako kinene." Shangazi, hicho kidole kinene ndicho mlichokiajiri.

2. Jina likibadilika, Jicho anamkana mtu anayemjua. Fundi mdogo, yule wa dirishani, alikuwa anapanga maandishi yake, akabadilisha jina la siri la kitufe kimoja. Kitufe ni kile kile, rangi ile ile, mahali pale pale, maneno yale yale. Nyekundu. Hakipo. Ofisi nzima ikasimama asubuhi moja, watu wenye vyeti vya chuo wakitafuta kitufe ambacho mtoto wa miaka mitatu angekiwekea kidole akiwa anakula. Mimi nilikuwa nakiona kutoka kwenye kiti changu, hatua sita. Nikanyoosha mkono kukionyesha, nikaambiwa nisizibe mwanga. Hivi mume wako akipewa cheo kipya kazini, jioni akirudi unamfungia mlango kwa kuwa humjui?

3. Hili la tatu naomba ulisome ukiwa umekaa. Bwana Tayari anasema kule nyuma ya kioo vitu vinaishi kwa ukoo. Kuna boksi kubwa, huyo mzazi. Ndani yake watoto. Ndani ya watoto wajukuu. Kitufe kisichopewa jina, Jicho anaelekezwa kwa ukoo: nenda boksi la pili, ingia kwenye orodha, mshike mtoto wa tatu. Nikasema afadhali, hapa angalau kuna adabu. Lakini mtoto wa tatu anabaki wa tatu mpaka lini? Kwa watu, anayezaliwa leo anakwenda mwisho wa mstari. Kwenye kioo, anayezaliwa leo anaweza kukalishwa mbele ya kifungua mimba na asikemewe na mtu.

Ndivyo ilivyokuwa. Orodha ilikuwa na watoto watatu: Angalia miadi, Futa miadi, Hifadhi miadi. Wa tatu ni Hifadhi. Mwezi jana wakaongeza Tafuta daktari, wakaiweka juu kabisa. Wote wakasogea. Wa tatu akawa Futa. Jicho hakushtuka, hakuuliza, alibonyeza Futa siku sita mfululizo. Na kila akibonyeza kinatokea kikaratasi kinasema "Imefanikiwa", na yeye alifundishwa kusubiri hicho kikaratasi basi. Ni kweli, ilifanikiwa. Kufuta nako kuna kufanikiwa kwake.

Tuna mgonjwa wa bandia wa majaribio, mafundi wanamwita Mzee Mfano. Kwa siku sita, mara arobaini kwa siku, Mzee Mfano aliwekewa miadi na akanyang'anywa, na kila akinyang'anywa taa ikawaka kijani, watu wakanyanyua vikombe. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilifungua ratiba ya madaktari nikaona nyeupe, hakuna hata mgonjwa mmoja, kama vile dunia nzima imepona. Nikaandika kwenye karatasi nikaiweka juu ya kibodi ya Bwana Tayari kabla hajafika. Aliposoma akasema, "Aa, mtoto kahama," akabadilisha tatu ikawa nne, akasema tayari. Hakuna aliyeuliza nani aliona.

4. La nne nililiandika nikalifuta. Lilikuwa la hasira, na lilimgusa aliyetuuzia Jicho pamoja na wazazi wake, ambao hawana kosa.

5. Kitu kisicho na jina wala ukoo, wanamkatia Jicho picha yake, kama picha ya mtu aliyepotea, wanamwambia azunguke kioo chote amtafute anayefanana naye. Hapo nilidhani sasa ataona kama tunavyoona. Thubutu. Analinganisha nukta kwa nukta. Dada wa rangi, yule anayepamba kioo, akiikoleza bluu kidogo tu, Jicho anasema simjui. Mama mwenye macho mabovu akikuza maandishi kwenye simu yake, Jicho anasema simjui. Simu ikiwa pana zaidi kwa upana wa ukucha, simjui. Mtu wa namna hii ukimtuma kukupokea kituoni utalala kituoni.

Mimi nakujua wewe kwa mlio wa funguo ukiwa bado ngazini. Nakujua kwa mgongo, kwa kivuli kwenye mlango wa kioo, kwa unavyokiweka kikombe. Ukivaa wigi nakujua, ukilivua nakujua. Huko ndiko kutambua.

6. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Jumapili kwako unaniita "baba", kwa sababu nimebeba jina la babu, na unaniongezea chai kabla sijaomba. Jumatatu kwenye korido unanipita kama ndoo. Sababu naijua. Hukutaka wakuseme kwamba umejaza ofisi ndugu, na siku ya kwanza uliniambia ndani ya gari, "Ukivuka ule mlango mimi si shangazi yako." Nikaitika. Nikadhani ni utaratibu wa kazi, kama kuvaa kitambulisho.

Lakini wiki iliyopita alikuja mgeni, akauliza yule kijana wa kabatini ni nani. Dada wa mapokezi akajibu, "Huyo? Wa usafi, nafikiri." Wewe ulikuwa umesimama pale pale na chai mkononi. Ukakoroga. Ukaendelea kukoroga hata sukari ilipokwisha kuyeyuka, nilihesabu.

Ndipo nikajiuliza Jicho kajifunza kwa nani. Maana na wewe sura yangu huitazami, unatazama mahali nilipo. Nikiwa kwenye kochi mimi ni damu yako. Nikiwa kando ya kabati mimi ni kabati.

Kwa hiyo, kwa heshima zote anazostahili Mkuu, naomba yafuatayo.

Kesho Jicho aitwe kikaoni aulizwe mbele ya watu kama tunavyoulizwa sisi. Awekewe simu yenye ufa, iliyolowa, maandishi yamekuzwa, na daktari anatabasamu juu yake, kisha aonyeshe Thibitisha iko wapi. Akishindwa apewe barua ya onyo. Akishindwa tena apewe ya pili, na nakala iende kwa wazazi wake, yaani lile boksi kubwa.

Kama ofisi itaona njia yake ndiyo njia, basi itumike kwa wote, kusiwe na upendeleo. Kila mfanyakazi apewe jina la siri, lishonwe ndani ya shati mgongoni, na asiitikiwe salamu mpaka shati ligeuzwe na jina lisomwe. Chai apewe mtoto wa tatu wa meza ya pili, awe yeyote, hata ikiwa ni feni. Bwana Tayari, aliyenyoa ndevu Jumamosi, azuiwe mlangoni mpaka ipatikane picha yake mpya. Na Mkuu mwenyewe, aliyehamia chumba cha juu, tukimkosa kwenye chumba cha zamani tutangaze kwamba hayupo duniani, na kaka yake apelekewe taarifa kwa masikitiko.

Mimi nipewe jina la nyuma. Napendekeza mtoto-wa-kaka. Hakuna mgonjwa atakayeliona, hakuna mgeni atakayelisoma, halitakuaibisha. Ila siku mtu akipita mlango wa nyuma akauliza kama huyo yupo, ajibiwe kwamba yupo.

Na mwisho Jicho atolewe, kiti kibaki na mimi. Sijisifu, sina la kujisifia, ila hili moja naweza kulisema hata mbele ya watu wanne: mimi kitu hakinipiti. Miaka miwili, daftari saba. Ajitokeze mtu aliyewahi kuniona nimeandika kitu kipo nacho hakipo. Jicho ana majina, ana koo, ana picha. Mimi nina macho, na macho ni kitu ambacho mafundi hawawezi kukiandika.

Nimalize kwa kukusalimia, na kupitia kwako nimsalimie mume wako na wadogo zangu, hasa yule wa mwisho anayenitambua hata nikijificha nyuma ya pazia. Wasalimie dada wa mapokezi, fundi mdogo na dada wa rangi. Msalimie Mzee Mfano, mwambie pole. Bwana Tayari naye msalimie, atajibu tayari. Jicho simsalimii, kwanza hatajua ni nani.

Ni mimi ninayebonyeza,

Kidole, wa kando ya kabati

Nyongeza, saa tisa alasiri, sahihi ikiwa imeshakauka.

Nilikaa kuongeza kosa la saba. Tangu Jumatatu Jicho anatoa nyekundu kwa ajili ya kitu kimoja tu, kile kitufe chekundu cha chini kabisa, Piga Dharura. Anasema hakioni. Siku tatu watu wamemcheka. Bwana Tayari kasema ni yale yale ya jina kubadilishwa, hana muda nayo, na jana akamwamuru Jicho akiruke asikiulize tena, ili taa iwe kijani na toleo jipya liende kwa wagonjwa Jumatatu ijayo. Mimi nimecheka kuliko wote, ingawa kwa ndani.

Kile kitufe hata mimi sikibonyezi, maana kinaita gari la wagonjwa kweli. Kazi yangu ni kukiangalia kama kipo, na kuandika. Daftari langu linasema Jumatatu kipo. Jumanne kipo. Jumatano kipo.

Leo nikachukua simu nikitazame vizuri, ili nikuandikie hapa jinsi Jicho alivyo kipofu wa kitu chekundu kinachowaka. Pale chini ni peupe. Nikazima simu nikawasha. Nikaenda kunawa uso, nikarudi. Ni peupe. Nikafungua toleo la majaribio la Jumatatu, nikafungua la Jumanne, la Jumatano. Yote ni meupe pale. Walipokuwa wanaipanga upya ile picha ya daktari, kitufe kilidondoka kikaachwa. Shangazi, hakikuwepo. Nimekiona siku tatu kwa sababu kimekaa pale miaka miwili.

Nimesimama katikati ya chumba nimesema. Walikuwepo watu wanane. Ulimi haukukauka, sijui kwa nini, labda haukupata nafasi. Nimeanza na daftari langu kwanza, kisha ndiyo nikasema kitufe. Bwana Tayari amefungua maandishi yake, na tangu hapo hajatamka neno, hata lile lake.

Barua siichani, kwa sababu Mzee Mfano alifutwa kweli na sukari ilikwisha kuyeyuka kweli. Lakini ule mstari wa macho yangu upige kalamu. Daftari nimeliambatanisha, kurasa tatu za uongo nimezikunja ncha uzipate haraka. Toleo la Jumatatu ijayo ulisimamishe leo, usisubiri kikao.

Na hiyo kesho, kama kiti ni kimoja, mpeni Jicho. Ila akisema kitu hakioni, msimwambie anyamaze.